Mume wa mwanafunzi wangu aliingia darasani na simu ya mkewe mkononi

Wakuu, salaam aleikum, na habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma, nacheka, napita. Leo nina langu la kusimulia, na nitalisimulia jinsi lilivyotokea. Pale nisipojua nitasema sijui. Majina nimebadilisha, na mwenye kisa amesoma uzi huu wote kabla sijaupandisha. Kuna sentensi mbili aliniambia nizitoe, nikazitoa.

Mimi ni mwalimu wa chuo kidogo hapa Ukunda. Chuo chenyewe ni vyumba kadhaa juu ya maduka. Ukifungua dirisha unasikia honi za tuktuk na watu wa mitumba, ukilifunga unaiva.

Nafundisha cheti cha afya ya jamii, madarasa ya alasiri. Wanafunzi wangu ni watu wazima. Wana watoto, wana kazi, wengine wana wajukuu. Wanaingia wamechoka, na wengine wametoka shifti ya asubuhi kwenye hoteli za Diani.

Kilichonisumbua tangu nianze ni ukimya.

Unauliza swali, wanakutazama. Unaliuliza tena, wanatazama daftari. Walioongea walikuwa wawili watatu, hasa Kevo, kijana wa bara anayeendesha bodaboda asubuhi. Kevo hajibu swali, analirukia. "Mwalimu, hiyo ni rahisi, acha niwashow." Darasa zima likamwachia yeye kazi ya kufikiri.

Akina mama waliokaa nyuma sikujua hata sauti zao. Na mtu mzima si mtoto wa shule, huwezi kumwambia simama ujibu. Ukimwaibisha mara moja, kesho haji.

Kwa hiyo nikamwendea mkuu wa chuo, Madam, nikaomba ruhusa. Sheria ya chuo ilikuwa simu zizimwe darasani. Nikamwambia niachie muhula mmoja nijaribu kinyume chake. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, likitokea jambo, ni wewe na mimi. Na mimi nitasema ni wewe."

Nikakubali.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Nauliza swali, kila mtu ananitumia jibu kwa namba yangu, kisha nasoma majibu kwa sauti bila kutaja nani kaandika nini. Nilitaka meseji za kawaida tu, kwa sababu si wote walikuwa na smartphone. Bi Mwanasiti, mama wa makamo aliyewahi kuwa mpishi shule ya bweni, alikuwa na kabambe yake ya vibonyezo imefungwa raba katikati.

Wakuu, siku ya kwanza simu yangu ilitetemeka mpaka ikasogea mezani.

Watu waliokuwa hawasemi walikuwa na maneno tele. Nikisoma jibu, mwingine anapinga kwa meseji, wa tatu anacheka, wa nne anasahau aibu na kusema kwa mdomo, "Hapo sikubali, mwalimu!" Baada ya wiki chache darasa lilikuwa na kelele nzuri, ile ya watu wanaobishana juu ya kitu wanachokijua.

Aliyebadilika kuliko wote ni Mejumaa.

Mejumaa alikaa mstari wa tatu, ukutani. Ana kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo. Neno linaweza kumshika mpaka shingo ikajikaza na macho yakafumba. Muhula mzima wa kwanza sikumsikia akisema zaidi ya "hadhir" ninapoita majina, na hata hiyo aliivuta.

Kwa simu alikuwa mtu mwingine. Aliandika upesi, aliandika kirefu, na alikuwa na mzaha. Mara moja nilisoma jibu lake kuhusu kuchemsha maji, darasa likacheka mpaka Kevo akauliza, "Nani huyu comedian?" Nikamwona Mejumaa kainamisha kichwa, mtandio mdomoni, mabega yanatikisika.

Sasa sikilizeni lilipoanzia.

Siku moja tulifanya mazoezi ya kuigiza. Mwanafunzi anakuwa mama mjamzito, mimi nakuwa mhudumu wa afya, tunaandikiana kwa meseji, halafu nasomea darasa mazungumzo yote tuyajadili. Aliyeomba kuwa mama mjamzito ni Mejumaa.

Akaandika kichwa kinamuuma na miguu imevimba. Nikamuuliza tangu lini. Akanijibu. Nikamuuliza kama anaona vizuri. Akasema anaona kama vinyota. Mkienda hospitali mtaambiwa hiyo ni hatari, si ya kungoja.

Akaandika: "Naogopa. Mume wangu hayupo, amekwenda kazini. Akirudi asinikute atasemaje?"

Nikamjibu: "Usiogope. Usimngoje arudi. Toka sasa hivi, mimi nakungoja kituoni."

Kituo cha afya, wakuu. Darasa zima lilijua ni kituo cha afya. Tuliyajadili na watu wakaenda nyumbani wamefurahi.

Siku iliyofuata tulikuwa katikati ya somo mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliingia mwanamume mrefu, shati la kazi lina mafuta, begi la vifaa begani. Mkono wa kulia alikuwa ameshika simu, na nilivyoona kifuniko chake chekundu tu nikajua ni ya nani.

"Mwalimu ni nani hapa?"

Nikasema ni mimi. Nikasema karibu.

"Naitwa Bakari. Mume wa huyu." Hakumnyooshea kidole. Alimtazama tu, na Mejumaa alikuwa ameganda.

Kisha akasoma. Kwa sauti, mbele ya darasa, neno kwa neno. *Usiogope. Usimngoje arudi. Toka sasa hivi, mimi nakungoja kituoni.*

"Kituo gani hicho, mwalimu? Cha Likoni au cha Lunga Lunga? Nambie na mimi nikungojee hapo."

Kuna mtu alitaka kucheka, akaona uso wa yule bwana, akajizuia.

Wakuu, mimi nina mke na nina jina mji huu. Nilijua nikisema vibaya neno moja, jioni ile ile habari itakuwa imefika Msambweni kwetu kabla yangu. Lakini hofu yangu kubwa haikuwa hiyo. Nilikuwa nikihesabu umbali kati ya mkono wake na mkewe, na nikajikuta nimesogea polepole nikasimama katikati.

Hapo nikaona simu imeinuliwa nyuma. Kevo anarekodi.

"Kevo, shusha hiyo simu."

"Mwalimu, mi nachukua tu evidence…"

"Shusha!"

Sikuwahi kumpigia mtu kelele darasani kabla ya siku ile. Akashusha.

Nikamwambia Bakari, "Ndugu yangu, lilikuwa igizo la somo. Panda juu kidogo uone meseji zilizotangulia. Kichwa, miguu kuvimba. Watu wote hawa walikuwepo." Darasa likaitikia, "Kweli, kweli." Wengine wakatoa daftari zao.

Bakari akatikisa kichwa.

"Nimepanda juu. Simu yangu jana ilikuwa imezima, nikachukua yake nipige, nikakuta hilo. Sikulala. Leo nimekwenda kazini nayo, nimekaa nyuma ya friji ya watu ninayoitengeneza nikasoma zote tangu mwanzo. Hilo la igizo nimelielewa, sina ujinga huo. La kituo nilikuuliza nione utasemaje."

Akaishusha simu. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Ninachouliza ni hiki. Nani anamwandikia?"

Sikumwelewa. Nikamwambia aseme tena.

"Maneno haya. Marefu hivi. Mzaha huu. Mimi nimekaa na mke wangu tangu ni msichana, mwalimu. Mke wangu haongei hivi. Kuna mtu anazungumza ndani ya simu hii na simjui ni nani."

Chini huko muuza mitumba alikuwa akinadi mashati.

Mejumaa akasimama. Akashika dawati kwa mikono miwili.

"Ni… ni… ni m…"

"Ni mwalimu?" Bakari akamkatiza. "Ni mwenzio?"

"Ni m… m…"

"Ni mtu wa hapa darasani? Sema basi!"

"Mwache amalize, mwanangu."

Huyo alikuwa Bi Mwanasiti, ameketi vile vile, mikono juu ya mapaja. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosemeshwa mtu anayemwaga maji bila kuona.

Bakari akageuka. "Shikamoo, mama. Namsaidia. Akikwama ndivyo tunavyofanya nyumbani."

"Marahaba. Hujamsaidia. Umetaja watu wawili na yeye hajataja hata mmoja."

Mejumaa aliendelea kukazana. Shingo imesimama, macho yamefumba, machozi yanapita pembeni. Neno halikutoka. Nilitamani kumsemea mimi, wallahi ulimi ulikuwa tayari. Nikaung'ata.

Akafumbua macho. Akanyoosha mkono kwa Bi Mwanasiti, kiganja juu.

Bi Mwanasiti akamtazama kidogo, halafu akaelewa kabla yetu sote. Akampa ile kabambe.

Mejumaa akakaa chini na kuanza kuandika.

Mnajua sauti ya vibonyezo vya kabambe. Tik tik tik. Hakuna aliyetikisika. Bakari alisimama na begi lake, hajui atazame wapi. Mimi sikujua kama niendelee kusimama katikati au nitoke.

Kisha ile simu yenye kifuniko chekundu ikalia mkononi mwa Bakari.

Alishtuka kama imemuuma. Akatazama kioo, akamtazama mkewe. Mejumaa hakuinua kichwa, alikuwa akiandika ya pili.

Bakari akasoma. Midomo yake ilikuwa ikifuata maneno bila kutoa sauti. Ikalia tena. Akasoma. Ikalia tena.

Sijui aliandikiwa nini. Hakuna aliyejua siku ile. Nilichokiona ni bega lake likishuka, begi likateleza likaanguka sakafuni na vyuma vikalia, naye hakuliokota. Alisoma ile ya mwisho kwa muda mrefu kuliko urefu wa meseji yoyote.

Akaenda mpaka dawati la mkewe, akaiweka simu taratibu mbele yake. Akatoka. Hakufunga mlango.

Kevo, yule yule wa kurekodi, ndiye aliyeinua lile begi na kumkimbilia nalo ngazini. Aliporudi, Bi Mwanasiti akamwita, akasimama juu yake mpaka akafuta video mbele ya macho yake.

"Na kule kwengine mnakoficha?"

"Nimefuta pia, Mama. Haki."

Mejumaa alikusanya vitu vyake akaondoka na Bi Mwanasiti. Somo likaishia hapo.

Madam alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. Kesho yake tangazo lilibandikwa: simu marufuku darasani. Akaniita ofisini akanikumbusha tulivyokubaliana. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na alisema atafikiria kama kuna haja ya mwingine.

Darasa likarudi makaburini. Wale wale wanaotazama daftari. Hata Kevo alinyamaza.

Na Mejumaa hakuja. Wiki ile hakuja, na iliyofuata hakuja.

Fikirieni hali yangu, wakuu. Namba yake ninayo. Naweza kumuuliza kama yu salama kwa neno moja. Na neno hilo moja ndilo nisiloweza kulituma, maana sijui simu iko mkononi mwa nani. Nilikuwa nikiandika "Habari yako" halafu nafuta. Usiku mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamweleza kila kitu. Akasema, "Usimwandikie. Mtume yule mama mwenye kabambe."

Nikamwomba Bi Mwanasiti aende kumwona. Akaenda nyumbani kwao, akarudi na habari.

"Hayupo. Yuko kwao Bodo."

"Amerudishwa?"

Bi Mwanasiti akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu upesi mno.

"Amekwenda mwenyewe. Nimeongea na mumewe, yuko peke yake anaunguza wali. Mejumaa amemwambia atarudi siku atakayoulizwa jambo na kuachwa alijibu mwenyewe, hata likichukua mpaka adhana ya pili."

"Na yeye amesemaje?"

"Amelia. Nimemwacha alie, sikuwa na muda."

Sikujua nicheke au niogope. Ikiwa Bakari atakaidi, nimevunja nyumba ya watu kwa sababu ya kutaka darasa lichangamke. Hilo lilinikaa kifuani kila siku nilipopanda ngazi zile.

Halafu alasiri moja natoka chuoni, nikamkuta Bakari amesimama getini kando ya pikipiki yake.

Nikamsalimia, akaitikia. Akanipa mkono, na aliushikilia.

"Mwalimu, nilikuja hapa vibaya. Niwie radhi."

Nikamwambia yameisha.

"Hayajaisha. Nilikuwa nikimmalizia maneno nikidhani namtua mzigo. Miaka yote. Dukani mimi nasema, hospitali mimi nasema, hata kwa mamake mimi nasema. Halafu nikasoma zile meseji nikaona nyumbani kwangu kuna mtu sijawahi kuzungumza naye."

Alikuwa ametoka Bodo siku hiyo. Alikaa ukumbini kwa wakwe akamuuliza mkewe mbele ya wazazi kama atarudi. Akangoja. Anasema alishika magoti yake kwa mikono ili asiseme kitu. Baba mkwe alitaka kumsaidia bintiye, Bakari akamwambia, "Baba, samahani, mwache amalize."

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Akasema, nitarudi, lakini na chuo nitamaliza. Ilichukua muda. Lakini ilikuwa yote yake."

Kisha akaniuliza ofisi ya Madam iko wapi. Nikamwonyesha. Sijui walizungumza nini huko ndani, ila alipotoka alikuwa amelowa jasho, na wiki ile tangazo liliondolewa ukutani. Madam alinipa masharti: hakuna meseji kwa namba ya mwalimu tena. Chuo kikanunua simu moja ya darasa, inakaa kwenye kabati la ofisi, majibu yote yanakwenda huko, na somo likiisha inazimwa. Mwenye mume au mke anayetaka kuja kuona tunavyofanya, mlango uko wazi. Wamekuja kadhaa. Mmoja alibishana na mkewe kwa meseji juu ya chanjo, akashindwa.

Mkataba wangu uliongezwa. Mfupi, lakini uliongezwa.

Mejumaa alirudi akakaa mstari wa tatu, ukutani. Sikumuuliza lolote. Mwisho wa muhula walikuwa na mtihani wa vitendo, kila mmoja azungumze na akina mama kliniki, kwa mdomo, mwenye kutahini akiwa pembeni. Nilimwambia naweza kumwombea aandike. Akatikisa kichwa.

Alisimama mbele ya akina mama na watoto wao migongoni. Akakwama neno la kwanza kabisa. Mama mmoja mbele akafungua mdomo kumsaidia. Mejumaa akainua kidole kimoja, taratibu, kama kusema ngoja, linakuja.

Likaja. Yaliyofuata yakaja pia, mengine kwa shida, mengine mepesi. Alichukua muda mrefu kuliko wenzake wote, na hakuna mama aliyeondoka. Alifaulu. Mumewe alikuwa nje kwenye pikipiki, hakuingia.

Nilipomwambia nataka kuandika kisa hiki humu, Mejumaa aliniruhusu nitaje meseji moja tu kati ya zile alizomwandikia mumewe siku ile kwa kabambe ya Bi Mwanasiti. Ni hii:

"Umekuwa ukinijibia kabla sijafungua mdomo. Leo nataka kukuuliza: unanijua?"

Nilichojifunza, wakuu. Simu haikumfundisha Mejumaa chochote. Ilimpa nafasi ambayo hatukuwa tumempa, mimi darasani na mumewe nyumbani. Kwa hiyo ukileta simu kwa wanafunzi watu wazima, jua unaingia nayo mpaka vyumbani mwao, kwenye ndoa zao na mambo usiyoyajua. Weka mipaka mapema, shirikisha watu wa nyumbani, na namba yako binafsi iweke mbali. Lakini usiache kwa sababu ya woga. Yale makaburi nimeyafundisha, sitaki kuyarudia.

Na mkikutana na mtu mwenye kigugumizi, ngojeni tu.

Mnaofundisha watu wazima, simu zimewasaidia au zimewaletea balaa? Na wenye wake au waume wanaosoma, nyinyi mngesoma ujumbe ule wa kituoni mngefanya nini? Semeni kweli. Wa kunikosoa pia aje, nipo nasoma.